Bibi anaikumbuka Unguja lakini amesahau chai ya asubuhi: nini kinatokea ndani ya ubongo?



Mada yetu ya leo inahusu jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi hapa Oman linasemwa kwa sauti ya chini: kusahau kwa wazee wetu.

Labda hali hii unaijua. Ni mwezi wa nne, msimu wa mawaridi. Umempakia bibi kwenye gari, mumetoka Nizwa, mukapita Birkat al Mawz, mukapanda Jabal Akhdar mpaka Sayq, kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Njiani amekuuliza mara nne munakwenda wapi. Hakumbuki kama asubuhi amekunywa chai. Mjukuu anamwita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Lakini mara tu mulipoingia kwenye nyumba inayopikwa maji ya mawaridi, akavuta pumzi, akatabasamu, akaanza kuhadithia: mrashi wa fedha, harusi ya dada yake Ng'ambo, kanga walizovaa, nani alikaa wapi na nani alinuna. Yote kwa Kiswahili safi, bila ya kutafuta neno. Wajukuu waliozoea Kiarabu na Kiingereza wakabaki kutazamana.

Wakati wa kushuka mlima, ubishi unaanza ndani ya gari. Mmoja anasema: "Bibi mzima kabisa, mbona anakumbuka mambo ya kabla ya 1964?" Mwengine anasema: "Huo ni uzee tu." Wa tatu anataka apelekwe hospitali, lakini anaogopa kuonekana kuwa anamvunjia heshima.

Makala haya yatakueleza kinachotokea ndani ya ubongo mtu anaposahau, mpaka kwenye protini zenyewe, kwa maneno ya kawaida. Ukishaelewa hayo, utaona mwenyewe kwa nini hoja ya yule wa mwanzo si salama, na nini cha kufanya.

KUMBUKUMBU INAKAA WAPI?

Ubongo wa binadamu una seli za neva zinazokadiriwa kufikia bilioni 86. Seli hizi hazijagusana moja kwa moja. Baina ya seli moja na nyengine kuna mwanya mdogo sana, na pahala hapo panaitwa sinapsi. Seli moja inaweza kuwa na maelfu ya sinapsi. Ujumbe unapofika ukingoni mwa seli ya kwanza, seli hiyo humwaga kemikali ndani ya mwanya. Kemikali inayotumika zaidi katika sehemu za kumbukumbu inaitwa glutameti. Seli ya pili ina vipokezi, mfano wa milango, ambavyo glutameti ikivigusa hufunguka na ujumbe ukaendelea.

Kumbukumbu haikai ndani ya seli moja kama picha ndani ya sanduku. Wataalamu wengi wanakubaliana kuwa inakaa katika nguvu za sinapsi: zipi zimeimarishwa, zipi zimelegezwa. Mwanasaikolojia wa Canada, Donald Hebb, aliandika mwaka 1949 kuwa seli zinazofanya kazi kwa pamoja mara kwa mara, uhusiano wao huimarika.

Sehemu ya ubongo inayoshughulika zaidi na kuweka kumbukumbu mpya inaitwa hipokampasi. Unazo mbili, moja kila upande, ndani ya kichwa usawa wa masikio. Umuhimu wake ulijulikana wazi baada ya mwaka 1953. Mwaka huo Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa operesheni ya kutibu kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi zake ikaondolewa. Baada ya hapo akili yake ilikuwa timamu na mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka, lakini mtu aliyezungumza naye dakika chache zilizopita alimwona mgeni. Aliishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 2008.

MFANO WA FALAJ

Sisi tunaokaa upande wa Dakhiliyah na Sharqiyah hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Tazama falaj. Maji yanatoka kwenye chanzo, yanapita kwenye mfereji mkubwa, kisha yanagawiwa kwenye vijifereji vya kila shamba. Mwenye zamu yake huondoa jiwe na kitambaa, maji yakaingia kwake. Zamu ikimalizika, hurudisha jiwe, maji yakaenda kwa mwengine. Ngazi za mashamba ya Al Ayn na Ash Shirayjah kule Jabal Akhdar, yenye mawaridi na makomamanga, zinaishi kwa utaratibu huo.

Jambo moja katika mfano huu ulishike vizuri. Shamba linaweza kukosa maji kwa njia mbili. Ya kwanza, mfereji umeachwa ukajaa mchanga. Ya pili, kuna mtu amekuja akaweka jiwe kwa makusudi. Kwa miaka mingi watu walidhani kusahau ni ile ya kwanza tu, yaani kuchakaa. Sasa inajulikana kuwa ubongo unafanya pia ile ya pili. Seli ina zana zake za kulegeza sinapsi, na inazitumia kila siku.

SINAPSI INAVYOIMARISHWA NA INAVYOLEGEZWA

Kuimarika kulionyeshwa mwaka 1973 na Tim Bliss na Terje Lømo, waliofanya kazi yao Oslo, Norway. Waliipa neva ya sungura inayoingia kwenye hipokampasi mapigo ya umeme ya haraka haraka, na sinapsi zikabaki na nguvu zaidi kwa saa nyingi.

Kulegea katika hipokampasi kulionyeshwa wazi mwaka 1992 na Serena Dudek na Mark Bear, Marekani. Wao walitumia mapigo ya polepole, pigo moja mpaka matatu kwa sekunde, jumla mapigo 900. Sinapsi zile zile zikadhoofika, na zikabaki hivyo. Kabla ya hapo, mwaka 1982, Masao Ito na wenzake wa Japani walikuwa wameonyesha jambo la namna hiyo katika ubongo mdogo, sehemu ya nyuma ya kichwa inayosaidia mwendo.

Vipi pigo la haraka liimarishe na la polepole lilegeze, na sinapsi ni hiyo hiyo? Jibu liko kwenye madini unayoyajua kutoka kwenye maziwa: kalsiamu. Tufuate hatua moja moja.

1. Seli inayopokea ina vipokezi vya aina mbili vinavyotuhusu. Vya kwanza vinaitwa AMPA. Hivi ni milango ya kila siku: glutameti ikigusa, inafunguka. Kadiri vinavyokuwa vingi, ndivyo sinapsi inavyokuwa na nguvu.

2. Vya pili vinaitwa NMDA. Mlango huu umezibwa na chembe ya magnesiamu kama kizibo cha chupa. Kizibo hutoka pale tu glutameti inapofika na seli yenyewe ikawa tayari imeamshwa. Kikitoka, kalsiamu inaingia.

3. Kalsiamu ikiingia nyingi na kwa ghafla, huamsha vimeng'enya vinavyoitwa kinasi. Kazi ya kinasi ni kubandika alama ndogo ya fosfeti juu ya protini nyengine. Matokeo yake ni kuwa vipokezi vya AMPA zaidi vinapelekwa kwenye sinapsi. Mfereji umepanuliwa.

4. Kalsiamu ikiingia kidogo kidogo kwa muda mrefu, haitoshi kuamsha kinasi hizo vizuri. Lakini inatosha kuamsha kimeng'enya chengine, kalsinurini, ambacho kinashika kalsiamu hata ikiwa chache. Kalsinurini na wenzake hufanya kinyume: wanabandua zile alama za fosfeti.

5. Kipokezi cha AMPA kilichobanduliwa alama yake hakikai tena imara pahala pake. Husogea pembeni, ngozi ya seli hubonyea ndani ikakimeza, na mlango ukatoweka. Ikiendelea hivyo, hata kichipukizi kinachobeba sinapsi hiyo husinyaa. Jiwe limewekwa.

Kwa ufupi, madini ni yale yale na mlango ni ule ule. Kinachotofautisha ni kiasi na mwendo.

JE, KULEGEA HUKU NI UBAYA?

Hapana. Bila ya kulegeza, ubongo ungejaa. Ukihama nyumba kutoka Ibra kwenda Sur, unahitaji kujua umeegesha gari wapi leo, si mwaka jana. Maji yakiachiwa kila shamba kwa wakati mmoja, hakuna hata moja litakaloshiba.

Usingizi nao una sehemu yake. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipima maelfu ya sinapsi za panya kwa darubini ya elektroni. Waliona kuwa baada ya kulala, sehemu za mgusano zilipungua ukubwa kwa wastani wa asilimia 18, huku zile kubwa zaidi zikiachwa kama zilivyo. Maelezo yao ni kuwa mchana ubongo unaimarisha mengi, na usiku unapunguza ili kubakisha yenye maana. Mtu asiyelala vizuri asishangae akiwa msahaulifu.

Msongo wa mawazo nao unaingia humo. Mwaka 1997 ilionyeshwa kuwa panya waliotiwa wasiwasi hata kwa muda mfupi, hipokampasi zao zililegeza sinapsi kwa urahisi zaidi kuliko za panya waliotulia. Aliyefiwa, aliyeachwa peke yake au mwenye deni linalomnyima raha anaweza kusahau sana bila ya kuwa na ugonjwa wa ubongo wa uzeeni.

PANYA ALIYESAHAU KISHA AKAKUMBUKA

Mwaka 2014 Sadegh Nabavi, Roberto Malinow na wenzao huko California walifanya jaribio la ajabu. Walimfundisha panya kuogopa, si kwa kumsikilizisha sauti, bali kwa kuwasha kwa mwanga neva zinazobeba sauti kwenda sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Kisha wakazipa neva zile zile mapigo ya kulegeza. Panya akaacha kuogopa, kama kwamba hajawahi kufundishwa. Halafu wakazipa mapigo ya kuimarisha. Hofu ikarudi.

Mafunzo kwetu ni mawili. Kwanza, kulegeza sinapsi peke yake kunatosha kumfanya kiumbe asikumbuke. Pili, kisichokumbukwa si lazima kiwe kimefutika. Huenda jiwe limewekwa tu, na shamba bado lipo.

PALE UGONJWA UNAPOINGIA

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Dimenshia ni jina la hali ambapo kumbukumbu na akili zinapungua mpaka mtu hawezi kujiendeshea mambo yake. Sababu zake ni nyingi, lakini ugonjwa wa Alzheimer unachukua kati ya asilimia 60 na 70. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimenshia.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, protini moja iliyopo kwenye ngozi ya seli hukatwa vipande, na vipande hivyo, vinavyoitwa amiloidi, hujikusanya. Daktari wa Ujerumani Alois Alzheimer alieleza mabonge haya mwaka 1906, pamoja na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli, ambazo sasa tunajua zimetokana na protini inayoitwa tau.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa tatizo ni mabonge makubwa. Lakini mwaka 2008 kikundi cha Dennis Selkoe cha Boston kilichukua vikusanyiko vidogo vya amiloidi, vile vinavyoyeyuka, kutoka ubongo wa watu waliofariki na ugonjwa huu, kikavijaribu kwenye hipokampasi za wanyama wa maabara. Mambo matatu yalionekana: kuimarisha sinapsi kulizuilika, kulegeza kuliongezeka, na vichipukizi vya sinapsi vilipungua. Mabonge makubwa yaliyosafishwa hayakuleta madhara hayo mpaka yalipovunjwa.

Umeona? Ugonjwa haukuleta zana mpya. Umezishika zana za kila siku za ubongo, zile za kumeza vipokezi, ukaziendesha bila ya zamu. Ni kama mtu amepita usiku kwenye falaj akaziba vijifereji vya watu, na asubuhi akiondoa mwenyewe jiwe, yeye anarudisha. Mwanzoni seli zenyewe bado zipo hai. Baadaye sinapsi zinapotea kabisa, na seli zinakufa. Ndiyo maana tangu mwaka 1991 imejulikana kuwa kupotea kwa sinapsi kunalingana na kupungua kwa akili ya mgonjwa kuliko wingi wa mabonge.

KWA NINI UNGUJA IMEBAKI NA CHAI IMEONDOKA?

Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huanza kwenye hipokampasi na mlango wake. Hapo ndipo kumbukumbu mpya zinapoandikwa. Chai ya asubuhi ilihitaji kuandikwa leo, na kalamu ni mbovu. Harusi ya Ng'ambo iliandikwa ujanani, ikahadithiwa mara mia, ikalia na kucheka na watu, na kwa miaka ikasambaa sehemu nyengine za ubongo zinazochelewa kuguswa. Mfaransa Théodule Ribot aliliona jambo hili tangu mwaka 1881: yaliyoingia mwisho ndiyo yanayotoka mwanzo.

Harufu nayo ina njia fupi. Neva za pua zinafika karibu sana na sehemu za kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana maji ya mawaridi yanaweza kumfungua bibi kuliko maswali kumi.

Kwa hiyo hoja ya "mbona anakumbuka ya zamani" imegeuka. Mtu anayekumbuka vizuri ya miaka 60 iliyopita na asikumbuke ya saa moja iliyopita, hiyo si dalili ya uzima. Ni moja ya sura za kawaida za ugonjwa huu ukiwa mwanzoni.

LUGHA: JAMBO LINALOTUHUSU SISI HASA

Wazee wetu wengi waliozaliwa Unguja, Pemba au bara walijifunza Kiarabu cha hapa wakiwa watu wazima, baada ya 1964 na zaidi baada ya 1970. Binti aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1964 sasa ameshapita miaka 75. Ugonjwa ukiingia, lugha iliyokuja baadaye mara nyingi ndiyo inayotangulia kuyumba, na mzee anarudi kwenye lugha ya utotoni. Anaweza kumjibu daktari kwa Kiswahili bila ya kujua kuwa amebadilisha.

Hapa kuna hatari mbili. Ya kwanza, akipimwa kwa Kiarabu tu, anaweza kuonekana mgonjwa zaidi kuliko alivyo. Akiulizwa saa ngapi akajibu "saa mbili" ilhali ni saa nane kwa hesabu ya hapa, daktari ataandika kuwa amepotea, kumbe amehesabu kama alivyofundishwa. Ya pili, binti anayemfasiria kwa kumwonea haya anamjibia yeye, na ugonjwa unafichika.

Kipimo cha Kiswahili kinawezekana. Wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima wazee zaidi ya elfu moja wa miaka 70 na kuendelea. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kuwa asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Baadhi ya wazee wale hawakusoma skuli, kwa hiyo baadaye kikatengenezwa kipimo kisichohitaji kalamu: mzee hutakiwa kutaja majina ya wanyama, kupanga njiti za kibiriti na mengineyo. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kuwa mama hawezi kupimwa kwa sababu hajui kusoma.

Na kwa wanaouliza kama lugha mbili zinachosha ubongo: hapana. Utafiti wa Toronto wa mwaka 2007 na wa Hyderabad, India, wa mwaka 2013 ulikuta wagonjwa wanaosema lugha mbili walionyesha dalili wakiwa wamechelewa kwa kiasi cha miaka minne kuliko wenye lugha moja. Tafiti nyengine hazikupata tofauti hiyo, kwa hiyo tusiliuze kama dawa. Lakini hakuna sababu ya kumkataza bibi asiwasemeshe watoto Kiswahili.

USAHAULIFU WA KAWAIDA NA USIO WA KAWAIDA

Wa kawaida:
- Kusahau jina la mtu, likaja baadaye.
- Kutafuta miwani au funguo, ukakumbuka ulipoziweka.
- Kuingia chumbani ukasahau ulichofuata.

Mpeleke kwa daktari ukiona:
- Anauliza jambo lile lile mara kwa mara ndani ya muda mfupi.
- Anapotea njia anayoipita siku zote.
- Anashindwa kupika chakula alichokipika maisha yake yote, au anaacha moto.
- Anavurugikiwa na pesa au dawa zake.
- Anatuhumu watu kuwa wamemuibia vitu alivyovificha mwenyewe.
- Tabia yake imebadilika sana.

Mpeleke SIKU HIYO HIYO ikiwa kuchanganyikiwa kumekuja kwa ghafla, ndani ya saa au siku chache. Kwa mzee inaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka au kiharusi.

DAKTARI ATAFANYA NINI?

Kwanza atatafuta yale yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, sonona, kutosikia vizuri. Chukua dawa zote anazotumia, pamoja na za kununua mwenyewe. Baadhi ya dawa za usingizi, na za mafua au mzio zinazoleta usingizi, zinavuruga kumbukumbu za wazee.

Ikiwa ni Alzheimer, zipo dawa. Donepezil inaongeza kemikali moja inayosaidia umakini. Memantine inakaa kwenye ule mlango wa NMDA tuliouzungumzia na kuzuia kalsiamu isivuje ovyo. Zote mbili husaidia dalili kwa kiasi, hazisimamishi ugonjwa. Dawa mpya za kuondoa amiloidi, lecanemab na donanemab, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2023 na 2024. Zinapunguza kasi kwa walio mwanzoni mwa ugonjwa, lakini zinaweza kuleta uvimbe au damu ndani ya ubongo, kwa hiyo zinahitaji picha za ubongo mara kwa mara. Hazirudishi kilichokwisha kupotea. Ukiuziwa mafuta, asali au unga unaoahidi kurudisha kumbukumbu, bakisha pesa yako.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Mwaka 2024 kamati ya wataalamu ya jarida la Lancet ilihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia, na kukadiria kuwa karibu nusu ya kesi duniani zingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Katika hayo 14, haya yanatugusa sana:

1. Presha, kisukari na kolesteroli. Vipimwe na vitibiwe, tangu umri wa miaka 40 na kidogo. Usingoje uzee.
2. Masikio na macho. Ubongo usiopata sauti unajitenga. Kifaa cha kusikilizia si aibu.
3. Mwendo. Tembea kila siku, hata uwani jioni jua likipoa.
4. Sigara. Acha.
5. Upweke. Mzee aliyekaa mbele ya televisheni siku nzima, nyumba imejaa watu wenye simu mikononi, yuko peke yake.

Na kwa bibi ambaye ugonjwa umeshaanza:

- Mwongeleshe kwa Kiswahili, sentensi fupi, jambo moja kwa wakati.
- Usimwambie "nimeshakwambia mara tano." Hakusikia mara tano, kwake ni mara ya kwanza. Mjibu.
- Tumia harufu, nyimbo, picha na mapishi. Huko Hai mwaka 2017 mazoezi ya kikundi ya kuchangamsha akili yalionyesha faida kwa wagonjwa, kwa gharama ndogo. Mrashi wa maji ya mawaridi na albamu ya picha za zamani ni mwanzo mzuri.
- Mambo yasibadilike ovyo. Chai wakati ule ule, kiti kile kile.
- Rekodi hadithi zake sasa hivi, sauti yake mwenyewe, kwa Kiswahili chake.
- Mhudumu naye ni mtu. Mara nyingi ni binti mmoja ndiye anayebeba yote. Gawaneni zamu, kama falaj.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Kumpeleka bibi hospitali si kumvunjia heshima. Heshima inavunjika pale anapopotea sokoni, au anapoungua jikoni, na sote tulikuwa tunajua.

Na mukienda tena Jabal Akhdar msimu ujao, chukueni wajukuu. Bibi akianza kuhadithia, mmoja wenu awafasirie hapo hapo. Mfereji ule bado una maji leo, na zamu ni yenu.

Tahadhari: makala haya ni ya kuelimisha tu, si badala ya daktari. Usianze wala usiache dawa yoyote bila ya kushauriana naye.

Mpaka mada nyengine, nakutakieni afya njema.